Wekundu wa Wimbi

Mvinyo mwekundu wa Dodoma unaanzia kwenye zabibu ya Makutupora. Adungosi, kati ya Busia na Malaba nchini Kenya, watu wana kinywaji chao chenye wekundu wa kahawia kinachostahili kusifiwa kwa umakini uleule: ajono, pombe ya wimbi ya Waiteso.

Wimbi ni zao la kwetu. Lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda maelfu ya miaka iliyopita. Ganda la punje nyekundu lina tanini, kama lilivyo ganda la zabibu nyekundu, na tanini ndiyo inayoacha ukakasi ulimini. Wimbi jeupe lina kidogo mno.

Lakini punje pekee haitoshi. Ajono ni kazi ya mikono, na kwa kawaida ni mikono ya wanawake. Unga hukandwa kwa maji, ukafukiwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Kisha huja moto. Unga ule mchachu hukaangwa juu ya bati pana, ukigeuzwa na kugeuzwa, moshi ukiwasha macho, hadi ukolee rangi. Hapa ndipo ustadi wote ulipo, kwa kuwa hakuna kipimo ila pua na jicho la mpishi: ukiepuliwa mapema, pombe hupwaya; ukiungua, uchungu hauondoki tena. Ukishaanikwa, hutiwa maji na kimea cha wimbi, ambacho hugeuza wanga kuwa sukari, na baada ya siku chache chungu kiko tayari.

Maji moto humiminwa chunguni, na wanywaji waliokizunguka huvuta kwa mirija mirefu yenye kichujio nchani. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waiteso wa Kenya, alichapisha mwaka 1980 insha nzima kuhusu unywaji huu na ujirani unaojengwa nao. Hakutia chumvi: anayeketi kwenye chungu kimoja na wenzake amekubali kuwaamini.

Na chakula je? Uchachu wa ajono huondoa uzito wa mafuta mdomoni, kwa hiyo nyama iliyoungwa kwa karanga, ikiliwa na atap, ugali wa wimbi na muhogo, yafaa iandaliwe mapema, pombe ingali kali. Maji yakishaongezwa mara kadhaa na ladha kulainika, ni zamu ya karanga za kukaanga, au kumbikumbi wakati wa mvua.