Canasatego na Makarani wa Mezani

Kitabu hiki hakikuandikwa kiwe fasihi. Ni kumbukumbu za mkutano uliofanyika Lancaster, Pennsylvania, mwaka 1744, kati ya Mataifa Sita ya Wairoquois na makoloni matatu ya Waingereza: Pennsylvania, Maryland na Virginia. Benjamin Franklin alikichapa mwaka huohuo. Mimi nimekisoma kama tamthilia, na kusema kweli kilininyima usingizi.

Mhusika mkuu ni Canasatego, msemaji kutoka Onondaga. Maryland wanadai wameimiliki ardhi yao zaidi ya miaka mia moja. Anawajibu kwamba miaka mia si kitu mbele ya wazee wake, waliotoka ndani ya udongo huohuo. Baadaye anawashauri Waingereza waungane, kama mataifa yake yalivyoungana. Wasomaji wengi huishia hapo, kwenye hekima. Nadhani wanapitwa na utamu wenyewe, na uchungu wake.

Kuna mahali anawanyooshea kidole makarani wanaoandika mezani, na kuihesabu kazi yao ya kalamu na wino kati ya dhiki walizoleta Waingereza. Hapo ndipo penye mgogoro: kwake neno hushuhudiwa na mkanda wa shanga za makombe, kwao, na karatasi. Karatasi ikashinda. Virginia walilipa pauni 200 kwa bidhaa na 200 kwa dhahabu. Wairoquois walidhani wanaachia bonde la Shenandoah tu. Hati ikataja ardhi ya koloni la Virginia, na Virginia, kwa idhini ya mfalme ya 1609, ilijihesabu kufika hadi bahari ya magharibi.

Lakini tusimfanye malaika. Mwaka 1742, mjini Philadelphia, Canasatego huyuhuyu aliwaamuru Wadelaware wahame ardhi waliyoporwa kwa hila, akawadhalilisha kwa kuwaita wanawake. Siku ile ufasaha wake uliwafaa Pennsylvania.

Tena, sauti tunayoisikia si yake tupu. Imepita kwa mkalimani, Conrad Weiser, kisha kwa karani. Mimi ni mwandishi wa habari; nimeshawanukuu watu niliotafsiriwa maneno yao, nikafunga alama za kunukuu bila wasiwasi wowote. Sasa wasiwasi umeingia. Kisomeni, ila msimwondolee macho yule karani.