"Kwetu Pazuri" kwenye kona za Lukumburu

Basi la alfajiri kutoka Songea lilipoanza kukata kona za Lukumburu, dereva akaweka "Kwetu Pazuri" ya Ambassadors of Christ, kwaya ya Waadventista kutoka Kigali. Abiria tukanyamaza.

Kabla ya Mei 2011 niliusikia kama wimbo wa faraja tu. Mwezi huo waimbaji watatu wa kwaya hiyo walikufa katika ajali ya barabarani hapa Tanzania, wakirejea nyumbani. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini tangu hapo hiyo "kwetu" ina sura za watu.

Ndiyo maana albamu zao za baadaye nazisikiliza kwa mashaka kidogo. Sauti zimepangwa vizuri, kinanda ni safi, video zinang'aa; ila usafi huo wakati mwingine unafunika kidonda. Kundi lililoanza 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari, lilijifunza kuimba na kuomboleza kwa wakati mmoja. Likirudi studio, liimbe kutokea hapo, hata sauti ikikwaruza. Sisi tunaopita Lukumburu usiku tutaelewa.