Kidole Juu ya Wino: Faida na Hasara za Skrini ya Mguso Katika Vifaa vya Kusomea Vitabu

Anayesoma riwaya kwenye kifaa cha kielektroniki hurudia tendo moja mamia ya mara kabla hajaimaliza: kufungua ukurasa unaofuata. Mengine, kama kutafuta maana ya neno, kupigia mstari sentensi au kuandika jina la kitabu dukani, huyafanya kwa nadra, na wapo wasioyafanya kabisa. Uchambuzi wa skrini ya mguso kwenye vifaa hivi hauna budi kuanzia hapo. Mguso umeyarahisisha sana yale ya nadra, lakini lile la kila dakika umelipunguzia uhakika.

Hapa sizungumzii vishikwambi wala simu za kupangusa. Nazungumzia Kindle, Kobo, Nook na wenzao wanaotumia wino wa kielektroniki wa kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka katika maabara ya chuo cha MIT. Ndani ya skrini hiyo kuna vidonge vidogo mno, kila kimoja na upana unaokaribia wa unywele. Kidonge kina majimaji, na ndani yake zinaelea chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa chini, rangi moja hupanda na nyingine huzama. Zikishatulia hubaki hapohapo bila kula umeme, ndiyo maana betri ya kifaa hukaa wiki kadhaa. Na kwa kuwa jicho linaona mwanga unaorudishwa na wino, sawa na kwenye karatasi, maandishi yanasomeka hata kwenye jua kali la mchana.

Ila wino huo una tabia mbili zisizopatana na kidole. Ya kwanza ni kwamba unategemea mwanga wa nje. Mwanga unaingia, unagonga wino, unarudi. Chochote kitakachowekwa juu yake kitatoza ushuru mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka: tabaka linalopitisha asilimia 90 ya mwanga litalirudishia jicho asilimia 81 tu. Ya pili ni uzito wa mwendo. Chembe zinahitaji muda wa kuogelea, na kubadilisha ukurasa mzima kunaweza kuchukua karibu nusu sekunde, wakati skrini ya kawaida ya simu hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Historia nzima ya mguso katika vifaa hivi ni historia ya wahandisi kupambana na tabia hizo mbili.

Njia tatu za kuupata mguso

Jaribio la kwanza lililopata umaarufu lilikuwa la Sony. Kifaa chake cha PRS-700, cha mwaka 2008, kilitumia tabaka mbili nyembamba zinazopitisha umeme, zilizotenganishwa na nafasi ndogo. Ukibonyeza kwa kidole au kalamu, tabaka zinagusana na kifaa kinajua umebonyeza wapi. Juu yake wakaongeza taa za pembeni. Wasomaji walilalamika mara moja: skrini inang'aa na kurudisha taswira ya balbu ya chumbani, na weusi wa herufi umefifia. Mwaka uliofuata Sony ikatoa PRS-600 yenye mguso na PRS-300 isiyo nao. Ile ndogo na rahisi, isiyo na mguso, ndiyo iliyokuwa na herufi zinazosomeka vizuri zaidi. Mnunuzi alilipa zaidi akapata maandishi hafifu zaidi.

Njia ya pili ilikuwa ya werevu. Mwaka 2010 Sony iliachana na tabaka, ikachukua teknolojia ya kampuni ya Neonode ya Uswidi. Kwenye fremu inayozunguka skrini hupangwa taa ndogo za mwanga wa infraredi, na upande wa pili vipokezi vyake. Mwanga huo usioonekana hukatiza juu ya skrini kwa urefu na kwa upana. Kidole kikishuka, kinakata miali kadhaa, na makutano yake yanaonyesha mahali ulipogusa. Juu ya wino hakuna kitu chochote cha ziada, kwa hiyo herufi zilirudia weusi wake. Mwaka 2011 Kobo Touch, Nook Simple Touch na Kindle Touch zote zilifuata njia hiyo.

Nayo ilikuwa na kasoro zake. Fremu lazima iinuke juu ya skrini ili kuficha taa, na kwenye pembe zake vumbi na makombo hupata makao. Uchafu ukiziba miali, kifaa kinadhani kuna kidole kimetulia pale. Tena mwanga hauchagui unakatwa na nini. Penseli, ukucha, hata nzi akitua, vyote ni kidole. Kwa mtu aliyevaa glavu hiyo ni faida. Kwa anayesoma usiku karibu na taa penye wadudu, ni kero.

Njia ya tatu ndiyo iliyotawala baadaye. Kindle Paperwhite ya mwaka 2012 ilitumia mguso wa aina ya simu, unaohisi mabadiliko ya umeme kidole kinapokaribia. Tabaka lilirudi juu ya wino, lakini safari hii lilikuja pamoja na taa ya mbele: balbu nne ndogo chini ya skrini, na utando unaosambaza mwanga wake kuelekea kwenye wino. Mwanga ulioibwa na tabaka ukarudishwa na taa. Toleo la kwanza halikukamilika, kwani upande wa chini, zilipo balbu, palionekana vivuli. Hata hivyo hesabu ilikubali, na tangu hapo hoja ya kwamba mguso unaharibu maandishi ilipoteza nguvu.

Ukurasa unapogeuka bila kuombwa

Lililobaki ni kidole chenyewe. Kindle Touch iliondoa vitufe vya pembeni vya kugeuzia kurasa, ikabaki na kimoja tu cha kurudi mwanzo. Paperwhite ikaondoa hata hicho. Badala yake skrini iligawanywa katika maeneo. Ukanda wa juu unafungua menyu. Ukanda mwembamba wa kushoto unarudisha nyuma. Sehemu kubwa iliyobaki inapeleka mbele. Mpango huu ulilenga mtu anayeshika kifaa kwa mkono mmoja, na kwa anayetumia mkono wa kulia unafanya kazi vizuri.

Mpe sasa mtu anayeshika kwa mkono wa kushoto. Dole gumba lake linaangukia kwenye ukanda wa kurudi nyuma. Itambidi alinyooshe kuelekea katikati, au atelezeshe kidole, kila ukurasa, kitabu kizima. Na kutelezesha kwenye wino hakuna raha ya simu, kwa sababu picha haikifuati kidole: unapangusa, unasubiri, kisha ukurasa unabadilika. Kitufe hakina matatizo hayo. Dole gumba linakaa juu yake bila kufanya lolote mpaka libonyeze, na likibonyeza, ngozi inajua kabla ya jicho. Kwenye skrini ya mguso kidole hakiruhusiwi kupumzika. Ukifuta vumbi, ukurasa unageuka. Ukimpa mwenzako kifaa asome aya, anapokipokea tayari yuko aya nyingine. Matone ya maji nayo huweza kusomwa kama vidole kwenye mguso wa aina ya simu, hata kama kifaa chenyewe, mfano Paperwhite ya mwaka 2018, kimetengenezwa kisiharibiwe na maji.

Watengenezaji walilijua hilo. Barnes & Noble waliacha vitufe pembeni mwa Nook Simple Touch tangu mwanzo. Amazon iliweka vihisio vya kubinya kwenye fremu ya Kindle Voyage mwaka 2014, kisha vitufe halisi kwenye Kindle Oasis mwaka 2016. Kobo inavyo kwenye vifaa vya Libra tangu mwaka 2019. Vyote hivyo vina skrini ya mguso pia. Ubaya ni kwamba vitufe viligeuka anasa: Oasis ilikuwa kifaa cha bei ya juu, na mwaka 2024 Amazon iliacha kukiuza.

Pale mguso unaposhinda

Haki itendeke. Kutafuta maana ya neno kwa vitufe kulikuwa adha. Kwenye Kindle za zamani ulisogeza kishale mstari kwa mstari, kisha neno kwa neno, mpaka ukafika. Kwa mguso unashikilia neno na maana inatokea. Kupigia mstari sentensi ni kuburuta kidole. Kibodi nayo ilihamia ndani ya skrini na kutokea inapohitajika tu, kwa hiyo mwili wa kifaa ukapungua: Kindle Keyboard ya mwaka 2010 ilikuwa na urefu wa milimita 190, na Kindle Touch iliyofuata ilikuwa na milimita 172, skrini ikiwa ileile ya inchi 6. Tena kibodi ya skrini inaweza kubadilishwa kutoka lugha moja hadi nyingine.

Faida hiyo ya kamusi, hata hivyo, haigawanywi sawa kwa lugha zote. Kifaa kinatafuta neno kama lilivyoandikwa, na kamusi za Kiingereza huja na orodha ya maumbo yote ya kila kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali orodha kirahisi. Shikilia "alipomsomea", na kamusi yenye kidahizo "soma" pekee itakaa kimya, kwa sababu viambishi vya nafsi, wakati na mtendwa vimebadilisha mwanzo wa neno. Anayesoma Kiingereza au Kifaransa atafaidi mguso kikamilifu. Anayesoma Kiswahili atafaidi kwenye nomino nyingi na kukwama kwenye vitenzi.

Kuandika pia kuna mipaka. Ili herufi zitokee haraka, kifaa huacha rangi za kijivu na kutumia nyeusi na nyeupe tupu. Mwendo unaongezeka, lakini mabaki ya herufi zilizofutwa hubaki yakionekana kama kivuli mpaka skrini ijisafishe kwa kumweka. Kwa jina la kitabu inatosha. Kwa barua, hapana.

Kundi moja lilipoteza zaidi ya wengine, nalo ni wasioona. Mwaka 2009 vyama vya wasioona nchini Marekani viliishtaki Arizona State University kwa kutumia Kindle DX darasani, kifaa chenye vitufe na sauti ya kusoma kitabu, lakini menyu zake hazikusema neno. Shauri liliisha kwa maelewano mwaka 2010. Miaka miwili baadaye ikaja Paperwhite isiyo na vitufe vya kupapasa, isiyo na spika wala tundu la vipokea sauti. Amazon ilirudisha sauti mwaka 2016, kwa kifaa cha kuchomeka na kwa Bluetooth.

Kuhusu uimara, tusiulaumu mguso kwa kosa lisilo lake. Mradi wa Worldreader ulipogawa Kindle za vitufe katika shule za Ghana mwaka 2010, takriban asilimia 40 ziliharibika. Sehemu dhaifu ni kioo chembamba kilicho chini ya wino, na kitufe hakikilindi.

Hukumu yangu ni hii. Kama unasoma ili ujifunze, unatafuta maneno na kuweka alama, mguso peke yake unatosha, na kifaa cha bei nafuu kitakufaa. Kama unasoma riwaya kwa saa nyingi, au unasoma umesimama kwenye daladala mkono mmoja ukiwa umeshika bomba, ongeza fedha ununue chenye vitufe na mguso pamoja. Kabla ya kulipa, kishike kwa mkono unaoutumia kweli, fungua ukurasa, na uone dole gumba lako linaangukia wapi. Vyovyote utakavyochagua, nunua na kasha gumu siku hiyohiyo.