Namna ya Kukitambua Kichanganyamasafa Kilicho Safi

Vijijini kandokando ya Lalago, msimu wa kuchambua pamba ufikapo, mama aliyelelewa katika kazi hiyo hutia mkono katika fungu, akachota, akatupia jicho, na kabla hujauliza amekwisha kutenga safi upande huu na fifi upande ule. Wala hashughuliki na ukubwa wa fungu, maana ukubwa huonekana hata kwa mgeni, bali hutafuta kile kisichostahili kuwamo, jani kavu, ganda, na ule umanjano ulioachwa na mvua. Mimi, ambaye riziki yangu imetoka katika kulehemu redio za watu, sijapata kwa kichanganyamasafa mizani iliyo bora kuliko hiyo.

Kichanganyamasafa, au mikisa kama tusemavyo bechini, ni kiungo kinachopokea wimbi la kituo kutoka antena, na wimbi la pili linalozaliwa na osileta ndani ya redio yenyewe, kikayakutanisha hata yakazaa wimbi la tatu ambalo masafa yake ni tofauti ya hayo mawili, na ambalo katika redio nyingi za mkononi huwa 455 kHz. Kazi hiyo ni ya kukunja mawimbi kwa makusudi. Na hapo ndipo ilipo taabu yote, kwa kuwa kiungo kilichoamriwa kukunja jambo moja, aghalabu hukunja na mengine ambayo hakikuamriwa. Unyoofu wa kichanganyi ni kiasi cha uaminifu wake mbele ya mawimbi makubwa: vituo viwili vyenye nguvu vikiingia pamoja, je, vitatoka viwili, au vitatoka na watoto wa haramu?

Ngoja jua lizame. Mchana bendi ya mita 41 huwa tulivu, lakini usiku anga hurudisha duniani sauti za mbali, na waya mrefu uliotandazwa juu ya shamba la pamba huziokota zote kwa pamoja. Tuseme kituo kimoja kikubwa kiko 7260 kHz na kingine 7360 kHz. Zidisha cha kwanza mara mbili, utoe cha pili, utapata 7160, mahali palipotengwa kwa wapenzi wa redio wenye leseni, ambapo hapatakiwi mtangazaji yeyote; nawe ukisikia hapo mahubiri yaliyoparaganyika na muziki, usiilaumu anga, kwani mzuka huo umezaliwa ndani ya kisanduku chako.

Namna ya kuukamata ni rahisi hata inachekesha. Tengeneza kipunguzi cha desibeli 6 kwa rezista tatu tu, mbili za omu 150 zinazoteremka ardhini na moja ya omu 39 inayoziunganisha juu, ukitie baina ya antena na redio. Sauti ya kweli itapungua desibeli 6, yaani kipimo kimoja cha S kwenye mita iliyo sahihi. Mzuka ule, ambao mafundi huuita wa daraja la tatu, hauwezi kujizuia: utaanguka desibeli 18, vipimo vitatu kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kila desibeli uiondoayo mlangoni humpokonya yeye tatu. Sijaona shahidi wa uongo anayejifichua upesi namna hii.

Lakini hadhari na kuhukumu asiye na hatia. Taarabu ya Zanzibar ilikuwa ikisikika 11735 kHz, na katika redio nyingi za bei nafuu ilisikika tena 10825, hafifu kidogo, mpaka wengine wakadhani Wazanzibari wana mitambo miwili. Tofauti ya namba hizo ni 910, yaani 455 mara mbili. Ukiweka kipunguzi, taarabu ile ya pili hupungua 6 tu kama ile ya kwanza. Basi si kosa la unyoofu, ni taksiri ya kichujio kilicho mbele ya kichanganyi, ambacho kilipaswa kuufunga mlango huo. Wabunifu wakubwa wameukimbia mkosi huu kwa kulipandisha wimbi juu kwanza, kama alivyofanya Trevor Wadley wa Afrika Kusini, ambaye ubunifu wake uliiwezesha redio ya Racal RA17 kupeleka kila kitu 40 MHz kwanza, na hivyo kuuweka mzuka huo mbali hata kichujio cha kawaida kikaumudu.

Sasa fungua kifuniko. Kichanganyi cha diodi nne zilizopangwa duara, baina ya transfoma mbili ndogo za feraiti, husifiwa au hulaaniwa kwa ulinganifu. Diodi zile zapaswa kuwa kama mapacha: mimi huzipima kwa mita moja baada ya moja, kundi la ishirini au thelathini, nikatafuta nne ambazo volti zao zinahitilafiana kwa milivolti moja au mbili, na huzishika kwa koleo ndogo, si kwa vidole, kwa kuwa kila digrii moja ya joto huishusha diodi yapata milivolti 2, na kidole cha fundi wa Lalago saa saba mchana ni moto wa kutosha kumpoteza. Kazi hii ifanywe alfajiri. Katika transfoma, tazama kama nyaya tatu zimesokotwa pamoja sawasawa kabla ya kuzungushwa, msokoto wa mkono wa msusi, usiolegea mahali na kukaza mahali. Kwani upana wa masafa, kutoka 1 MHz hata mamia, hutegemea usuhuba wa nyaya hizo kuliko ukubwa wa duara la feraiti.

Ila iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa jicho, na niliijua kwa aibu yangu mwenyewe. Nilijenga kichanganyi kizuri, diodi pacha, msokoto safi, nikakifunga moja kwa moja na kichujio cha kristali. Mizuka ikabaki palepale. Kichanganyi huzaa jumla ya mawimbi mawili pamoja na tofauti yake, na kichujio kilikuwa kikipokea tofauti na kuirudisha jumla mlangoni, nayo jumla ikarejea ndani kuchanganywa mara ya pili. Nilipotia baina yao saketi ndogo yenye koili, kapasita na rezista ya omu 50, iimeze jumla na kuipisha tofauti, sikuhitaji kugusa kitu kingine.

Yabaki gharama, na gharama yake ni nguvu ya osileta. Kipande kama NE602, cha ukoo wa saketi ya Barrie Gilbert, hula umeme kama ndege na hukuza sauti, kwa hiyo hupendwa. Lakini mbele ya vituo vikubwa huelemewa mapema mno. Duara la diodi, kama SBL-1, hupoteza kiasi cha desibeli 6, robo tu ya nguvu ikapona, na bado ni bora kwa mbali, ingawa hudai milivati 5 kutoka kwa osileta. Wenzake wakubwa hudai 50, na wengine 200. Juu yao wote umekaa ule mpango wa herufi H wa Colin Horrabin, unaotumia swichi za haraka badala ya diodi, ambao mafundi wa Ulaya wameufikisha kwenye unyoofu usiohitajiwa na antena yangu.

Nasema usiohitajiwa kwa kuwa paneli yangu ya jua ni moja, nayo ina taa za kuwasha. Nimekaa na duara la milivati 50, nikaufupisha waya wa antena kwa mita 10, na jana usiku 7160 ilikuwa kimya.