Injini za Datsun Z: kutoka silinda sita za mstari hadi V6

Datsun 240Z, iliyozinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, ilipewa injini ya L24 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Nissan, kampuni iliyotengeneza magari ya Datsun, haikuianza injini hiyo kutoka sifuri. Tayari ilikuwa na L16 ya silinda nne, iliyofungwa kwenye Datsun 1600 SSS, gari ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1970. Silinda za L16 zina kipenyo cha milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7 kutoka chini hadi juu. Vipimo hivyo hutoa karibu sentimita za ujazo 399 kwa kila silinda. Mara nne ni 1,595, ujazo wa L16. Mara sita ni 2,393, ujazo wa L24. Kwa hiyo, moyo wa gari hili la michezo ulikuwa ni injini ya gari la familia iliyoongezewa silinda mbili, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofuata.

Bloku ilikuwa ya chuma cha kusubu, hedi ya alumini, na juu yake kamshafti moja iliyozungushwa kwa mnyororo. Krenki ilishikwa na beringi kuu saba, hivyo kila silinda ilikuwa na tegemeo pande zote mbili na krenki haikupata nafasi ya kupinda ikizunguka kasi. Mpangilio wa silinda sita za mstari nao husaidia: pistoni hupanda na kushuka kwa jozi, na msukosuko wa jozi moja hufutwa na nyingine. Injini ya namna hii huvumilia kukimbizwa siku nzima. Mwaka 1971 Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z, huku Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akishika nafasi ya pili kwa gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda wenyewe.

Japani kwenyewe, kodi ilipanda kwa gari lililozidi sentimita za ujazo 2,000, kwa hiyo wanunuzi wengi wa huko walipata L20 ya 1,998. Toleo la Z432 lilikuwa kitu kingine kabisa: lilibeba injini ya S20, iliyotokana na kazi ya mafundi wa mbio wa kampuni ya Prince, ambayo Nissan iliungana nayo mwaka 1966. Ilikuwa na vali 4 kwa kila silinda, kabureta 3 na kamshafti 2, na tarakimu hizo ndizo zilizolipa gari jina. Kiufundi S20 iliiacha L mbali, ila ilikuwa ghali mno kulibeba soko.

Soko lenyewe lilikuwa Marekani, na huko sheria za moshi zilikuwa zikikaza kila mwaka. Kabureta mbili za awali zilikuwa rahisi na sikivu. Zile za mwaka 1973, zilizoundwa kupunguza moshi, ziliathiriwa vibaya na joto: petroli ilichemka ndani yake na injini ikakohoa. Wamiliki wengi walizing'oa na kurudisha za zamani. Nissan ilijibu kwa kuongeza ujazo. Kwenye 260Z mwendo wa pistoni ulirefushwa hadi milimita 79, na ujazo ukafika 2,565. Nguvu iliyomezwa na vifaa vya kudhibiti moshi ilirudishwa kwa kuongeza ukubwa, lakini tatizo la kabureta lilibaki palepale.

Tiba ilipatikana kwenye 280Z ya mwaka 1975. Kipenyo kilipanuliwa hadi milimita 86, ujazo ukawa 2,753, na kabureta zikaondolewa kabisa. Mfumo wa Bosch uliochukua nafasi yake una kibati kinachosukumwa na hewa inayoingia. Kibati kinapofunguka, kompyuta ndogo hupima kiasi cha hewa na kuamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani. Gari likawaka vizuri asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali.

Mwaka 1981 injini hiyohiyo ikafungwa turbo kwenye 280ZX. Mgandamizo ulishushwa hadi 7.4 kwa 1 ili mchanganyiko usilipuke kabla ya wakati, na nguvu zikafika farasi 180. Huo ndio uliokuwa mwisho wa familia ya L kwenye gari hili.

300ZX ya mwaka 1983 ilikuja na VG30, V6 ya sentimita za ujazo 2,960, fupi kuliko injini ya mstari. Toleo la turbo la kizazi cha mwaka 1989 lilipewa kamshafti nne na turbo mbili, likatoa nguvu za farasi 300 kwa soko la Marekani. Ni injini yenye uwezo mkubwa, lakini mnyororo wa zamani ulibadilishwa kwa mkanda wa mpira, na mkanda huo ukikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga vali na kuzipinda. Kwa anayenunua 300ZX leo, swali la kwanza kwa muuzaji liwe ni lini mkanda huo ulibadilishwa.