Kinjeketile kanyongwa mapema mno

Mwongozaji wa Kinjeketile, tamthilia tuliyoitazama Kilwa Masoko, amekosea, tena pakubwa: amemnyonga mganga kabla ya Vita vya Maji Maji. Hoja yake inajulikana. Kinjikitile wa Ngarambe, yule wa historia, alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa pamba. Kalenda inamuunga mkono. Tamthilia inamkana.

Mwandishi wake, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, hakupitiwa. Alimwacha mtu wake hai kwa makusudi, ayaone maji yake ya dawa yakishindwa na risasi, ndipo atiwe gerezani na kutakiwa atamke kwamba yalikuwa uongo. Kitunda, jemadari mwenye akili kuliko wote jukwaani, anamsihi akubali. Anakataa. Wala si kwamba bado anayaamini maji. Shaka ilimwingia tangu alipoambiwa kuwa, akiwa amepagawa, aliwaita watu wake watoto wa Sultani Seyyid Said. Anajua akikana, wajukuu wataambiwa babu zao walikosea kupigana. Mchezo mzima umejengwa ili ufike hapo.

Sasa Kitunda wa Masoko amsihi nani? Maiti? Shaka ilisemwa mbiombio, kamba ikashuka, ngoma zikapamba moto, vigelegele, kwisha. Tumepewa shujaa aliyekufa kabla hajajaribiwa. Mwaka 1969, Azimio la Arusha likiwa na miaka miwili, Hussein aliliuliza taifa changa litashika nini siku imani iliyowaunganisha watu itakapovunjika. Swali hilo ndilo lililonyongwa.

Ngoma na mavazi vilikuwa safi.

Nimeshasema, na nitasema tena: maigizo ya semina yametuharibia waongozaji. Wamezoea mchezo wa kupeleka ujumbe kwa mfadhili, basi kila penye utata wanapaziba kwa ngoma. Lihamba, Muhando na Balisidya, katika Harakati za Ukombozi ya 1982, walibeba historia ndefu kuliko hii bila kumbembeleza mtazamaji. Hao walijua kumwachia mtu mzigo wake aondoke nao.

Na watu wa Kivinje, wenye Mwembe Kinyonga kwao, ule ambao Wajerumani walinyongea watu, hawana haja ya kuonyeshwa kamba. Kundi likienda Lindi mjini, lirudishe gereza mahali pake, na Kitunda apewe muda wa kusihi mpaka maneno yamwishie.