Fundi wa Barafu

Katika mchezo wa kalingi, sifa huenda kwa mchezaji anayelisukuma jiwe, au kwa jiwe lenyewe: karibu kilo 20 za itale, na mara nyingi limetoka kisiwa kidogo cha Ailsa Craig, Scotland. Sifa zangu mimi zinamwendea aliyeandaa barafu.

Kazi yake huanza kabla ya ubaridi wowote. Maji ya bomba, hata yanayofaa sana kunywa, yamebeba kalsiamu, magnesiamu na chumvi nyingine, na fundi huyachuja mpaka yabaki maji matupu. Ana sababu. Maji yakiganda, molekuli zake hujipanga kwa utaratibu ambao chumvi haina nafasi ndani yake, nayo hufukuzwa. Kwa kuwa mabomba ya ubaridi yamelazwa sakafuni, barafu huota kutoka chini kwenda juu, ikiisukuma chumvi mbele yake, tabaka baada ya tabaka. Mwishowe chumvi hiyo hujikusanya juu kabisa, palepale jiwe litakapopita. Huko huzuia sehemu ya maji isigande sawasawa, hata kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Barafu hulegea, hupoteza ung'avu, na mwendo wa jiwe hautabiriki tena. Cha ajabu, ndani ya mabomba yale mara nyingi hupita maji ya chumvi, kwa sababu hayagandi upesi. Chumvi ileile iliyokataliwa juu ndiyo inayofanya kazi chini!

Uso ukiwa tayari, fundi hubeba tangi mgongoni, akatembea kinyumenyume huku akiupunga mkono wenye kinyunyizio. Matone ya maji ya uvuguvugu huanguka na kuganda yakawa vipele. Kisha hupitisha wembe mpana kukata ncha zake, ili vyote vilingane kimo. Chini ya jiwe pamechimbika, hivyo ni ukingo mwembamba tu unaogusa, tena unagusa vipele tu. Msuguano hupungua mno. Vipele vya maji machafu huwa laini na huisha mapema, mchezo ungali unaendelea.

Hatimaye huipima kazi yake kwa saa. Kwenye barafu bora jiwe huhitaji msukumo mdogo, likateleza polepole bila kuishiwa nguvu. Hivyo sekunde zikiwa nyingi, barafu ni nyepesi zaidi. Zikikaribia 25 kwa umbali unaopimwa, fundi ameridhika.